Motakaa Yako: Oili Ikigeuka Rangi ya Maziwa

Kila mwaka, miezi ya Juni na Julai inapofika na baridi na ukungu vikashuka juu ya Limuru, Kinangop na Molo, swali moja huulizwa na wenye magari kuliko mengine yote. Mtu amefungua kifuniko cha juu ya injini, pale pamiminwapo oili, naye amekuta ndani ya kifuniko hicho utandu mzito wenye rangi ya chai ya maziwa. Humwita jirani, jirani hutikisa kichwa na kusema, "Gasketi ya hedi imekwisha." Fundi akiitwa naye hukubali upesi, kwani kufungua hedi ni kazi yenye fedha. Basi injini hufunguliwa, gari hukaa siku nne bila kwenda, mazao hupelekwa sokoni kwa gari la kukodi, na karo ya mtoto hutumika kununua gasketi. Kisha baada ya majuma matatu ule utandu umerudi palepale ulipokuwa.

Lakini liko kosa la pili, nalo ni baya kuliko hilo la kwanza. Mwingine huona rangi ileile, akafuta kifuniko kwa kitambaa, akasema, "Ni baridi tu," akaendelea na safari zake kama kawaida. Siku moja, akiwa amepakia mzigo na kupanda mlima, injini huanza kugonga kwa chini, na kabla hajapata mahali pa kusimama imekwisha kufa. Huyo hakupoteza gasketi. Amepoteza injini nzima.

Watu hawa wawili wameona kitu kimoja, na wote wawili wamekata hukumu bila kuwauliza mashahidi. Mashahidi wapo, tena wengi wao huweza kuulizwa na mwenye gari mwenyewe nyumbani kwake, kwa kitambaa cheupe, chupa ya kioo, na subira ya usiku mmoja. Habari zao ndizo tutakazoeleza leo.

Kwanza yafaa kujua maji hayo hutoka wapi. Oili na maji havipatani, lakini vikipigwapigwa pamoja na kranki izungukayo mara elfu mbili au tatu kwa dakika, huchanganyika kama vile mpishi achanganyavyo yai na mafuta, vikawa povu zito lenye rangi ya maziwa. Kwa hiyo rangi hiyo ni habari ya maji; juu ya hilo jirani hakukosea. Alikosea kudhani kwamba maji yana mlango mmoja tu wa kuingilia.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba petroli yenyewe, ikiungua, hufanya maji. Haidrojeni iliyomo katika petroli hushikamana na oksijeni ya hewa, na kila lita moja ya petroli iliyoungua hutoa mvuke ambao, kama ungepozwa wote, ungekaribia kujaza chupa ya lita moja. Sehemu kubwa ya mvuke huo hutoka kwa bomba la moshi. Ndiyo sababu asubuhi ya baridi twaona maji yakidondoka kutoka kwenye bomba, wala huo si ugonjwa. Lakini sehemu ndogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka ndani ya sampu, yaani lile karai la chini likaalo oili. Injini ikipata moto kamili na kudumu katika moto huo, maji hayo huwa mvuke tena, yakatoka kwa bomba la kupumulia. Isipopata moto, mvuke hugeuka matone juu ya chuma baridi. Na katika injini nyingi chuma kilicho mbali na moto, kipigwacho na hewa ya nje, ni kile kifuniko cha juu.

Fikiri habari za mkulima mwenye pikapu, akaaye kilomita tatu kutoka mahali pa kupokelea maziwa. Saa kumi na mbili asubuhi huwasha injini, hupeleka makopo yake, huzima, hungoja zamu yake, huwasha tena, hurudi nyumbani na kuzima. Injini hiyo haijapata moto wa kweli tangu Jumatatu hata Jumamosi. Kila safari imetia maji kidogo ndani, wala hakuna safari hata moja iliyoyatoa. Mtu kama huyo akiona utandu wa maziwa chini ya kifuniko, asitishike mara moja. Na sasa fikiri karani akaaye Machakos na kufanya kazi Nairobi, ambaye kila siku huendesha kilomita zipatazo 60 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Injini yake huiva vizuri kila siku. Huyu akiona utandu uleule, ana sababu kubwa zaidi ya kuwa na wasiwasi, kwani baridi pekee haielezi habari hiyo.

Basi swali la kwanza ni la mwenye gari kujiuliza mwenyewe: gari hili huenda safari za namna gani?

Hapa lazima tuseme neno juu ya thamostati, hata kama mafundi wengine watatukasirikia. Thamostati ni kile kizibo kidogo kizuiacho maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na katika magari mengi hufunguka maji yafikapo nyuzi 80 hivi au karibu na 90. Iko desturi iliyoenea sana katika nchi yetu ya kuking'oa na kukitupa, ati "kwa sababu hii ni Afrika, hakuna baridi." Aliyesema hivyo hajalala Molo. Gari lisilo na thamostati huchukua muda mrefu mno kupata moto, na katika nchi za juu, mwendo wa taratibu au wa kuteremka mlima, huenda lisipate moto kabisa. Petroli hutumika zaidi, silinda hulika, na oili hukaa na maji siku zote. Tena, ikiwa fundi aliing'oa kwa sababu gari lilikuwa likichemka, basi hakuponya chochote. Ameficha ugonjwa, nao utarudi siku ya jua kali na mzigo mzito. Kwa maoni yetu, mwenye gari la nchi za baridi aonaye maziwa katika kifuniko, jambo la kwanza la kumwuliza fundi wake ni hili: "Thamostati yangu ipo?" Jibu lake laweza kumwokolea fedha nyingi.

Sasa tuwaendee mashahidi wengine. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, gari likiwa mahali pa sawasawa, chomoa kijiti cha kupimia oili. Kifute kwa kitambaa cheupe, kirudishe, kichomoe tena, ukitazame juani. Oili iliyo juu ya kijiti imetoka chini, katika sampu, nayo ndiyo iendayo kwenye beringi. Ikiwa kifuniko kina utandu lakini oili ya kijitini ni safi, iwe ya dhahabu au nyeusi lakini inang'aa na huona chuma kupitia ndani yake, basi shauri hili yaelekea ni la mvuke. Futa kifuniko, nenda safari ya nusu saa au zaidi katika barabara kuu bila kusimamasimama, urudi utazame tena baada ya siku chache. Utandu ukiwa umepungua au kutoweka, umepata jibu lako bila kulipa senti.

Lakini ikiwa oili ya kijitini yenyewe ni ya kijivu au ya rangi ya maziwa, haionyeshi chuma chini yake, na imepanda juu kuliko alama ya juu, usiwashe injini hiyo. Twarudia: usiiwashe, hata kwenda gereji iliyo karibu. Kazi ya oili ni kukaa kati ya kranki na beringi kama utandu mwembamba mno, usiozidi unene wa sehemu ya unywele, ili chuma kisiguse chuma. Maji hayawezi kazi hiyo. Palipo na maji, utandu hukatika, chuma hugusana, na beringi laini huharibika. Na ikiwa maji hayo yana dawa ya rejeta, oili hugeuka kitu kama gundi na kuziba njia nyembamba. Gari kama hilo huvutwa kwa kamba au hupakiwa juu ya lori.

Shahidi wa tatu ni maji ya rejeta. Hapa tahadhari: kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto, kwani watu wameungua uso na macho kwa haraka ya dakika moja. Limuru iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,200, na huko maji yaliyo katika sufuria wazi huchemka kwa nyuzi 92 au 93, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha, na presha hiyo huwekwa na kifuniko cha rejeta. Kukifungua ni kuyaruhusu yachemke yote mara moja usoni pako. (Ndiyo sababu pia kifuniko kilicholegea, kitu cha bei ndogo, chaweza kuchemsha gari zuri na kuunguza gasketi. Mtu wa nchi za juu asikidharau.)

Asubuhi, injini ikiwa baridi, jaza maji hata alama, uandike tarehe katika kitabu. Tazama kila asubuhi kwa juma moja. Maji yasiyopungua ni ushahidi mkubwa wa kumtetea mshtakiwa: gasketi ikivujisha maji ndani ya oili, maji hayo hayana budi kupungua mahali fulani. Yakipungua, na chini ya gari hakuna tone wala mpira haujalowa, basi yanakwenda ndani. Tazama pia kama juu ya maji kuna mafuta yaeleayo. Kama mpira mkubwa wa rejeta huwa mgumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha injini baridi. Na kama bomba latoa moshi mweupe usiokwisha hata injini ikiwa moto, wenye harufu tamutamu ya dawa ya rejeta. Alama mbili au tatu kati ya hizo zikipatana, jirani alisema kweli.

Usiku pia una ushahidi wake. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo gari likilala bila kuguswa, maji yasiyochanganyika hushuka chini ya sampu. Asubuhi weka chombo safi chini, legeza bolti ya kutolea oili polepole, uache itoke kiasi cha nusu kikombe, kisha ukaze. Kilichotoka kwanza kitie katika chupa ya kioo iliyo nyeupe na uiache hata jioni. Ukiona tabaka la maji chini na oili juu, hapana haja ya kubishana tena. Tena tazama rangi ya maji hayo. Wenye kutia dawa ya rejeta ya kijani au nyekundu wana faida hapa, maana maji ya mvuke hayana rangi, na maji yaliyotoka katika rejeta huweza kuonyesha rangi yake. Lakini chupa isipoonyesha tabaka, usiseme kwamba mshtakiwa ameachiliwa, kwa sababu oili za siku hizi zina dawa nyingi ndani yake, nazo huweza kuyashika maji muda mrefu bila kuyaachia.

Kwa hiyo liko jaribio lingine, la tone na bati. Weka bati safi la kutupwa juu ya makaa hata tone la maji likidondoshwa juu yake lichemke na kukauka upesi. Liondoe motoni, uliweke chini nje ya nyumba, mbali na petroli na mbali na watoto, ukae kando usiinamie. Dondosha tone moja tu la oili, si kijiko. Oili isiyo na maji hutulia, ikatanda, labda ikatoa moshi kidogo. Oili yenye maji hutoa vipovu na kulia kwa sauti ya kupasukapasuka, kama kitunguu kibichi kitiwapo katika mafuta ya moto. Mafundi wa mitambo mikubwa hutumia jaribio hili hata leo, nalo hutambua maji yaliyo machache kuliko jicho linavyoweza kuona.

Mambo haya yote yakielekea kwenye gasketi, ndipo fundi aitwe. Na hata hapo mwenye gari anayo haki ya kuomba uthibitisho kabla bolti ya kwanza haijafunguliwa. Gereji nzuri huwa na pampu ndogo ya kutia presha katika rejeta injini ikiwa imezimwa. Presha huachwa hapo, na sindano ikishuka bila tone kuonekana nje, njia ya ndani ipo. Tena liko jaribio la maji ya buluu: chupa yenye dawa hukalishwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiunguruma, na ikiwa moshi wa silinda unaingia katika maji, ile buluu hugeuka njano. Kazi hii haichukui hata nusu saa. Fundi asiye na vyombo hivi si lazima awe mwongo, lakini asemaye kwamba havihitajiwi kwa sababu yeye hujua kwa kutazama tu, huyo tungempa heshima yake na kupeleka gari kwingine.

Tena gasketi si mhalifu pekee. Hedi yenyewe huweza kupasuka, hasa kwa mtu aliyemwaga maji baridi katika injini iliyochemka. Magari mengi, na ya dizeli hasa, yana chombo cha kupozea oili ambamo oili na maji hupita vikitengwa na ukuta mwembamba. Ukuta huo ukitoboka, oili huingia katika maji injini ikiwa inakwenda, kwa kuwa presha ya oili huwa kubwa kuliko ya maji, na maji huweza kurudi katika oili injini ikizimwa ingali moto. Mtu aonaye oili nyingi katika rejeta na gari lake halichemki wala halikosi nguvu, aulize habari za chombo hicho kabla ya kufungua hedi. Na mwenye gari la giaboksi isiyo na klachi akiona maziwa ya rangi ya waridi, ajue kwamba hayo si ya injini kabisa. Ni mafuta ya giaboksi na maji yaliyokutana ndani ya rejeta, na giaboksi ndiyo iliyo hatarini.

Jambo la mafuriko latakiwa litajwe peke yake. Katika mvua kubwa za Machi hadi Mei 2024, magari mengi yalizama Nairobi na kwingineko, na wenyewe wengi, maji yalipopungua, jambo la kwanza walilotamani ni kuwasha waone kama lingali hai. Gari ambalo maji yalifika juu ya sampu lisiwashwe. Maji huingia kwa tundu la kijiti, kwa bomba la kupumulia na kwa chujio la hewa. Na yakiwa ndani ya silinda hayakubali kubanwa kama hewa, hivyo pistoni ikipanda mara moja tu mkono wake huweza kupinda. Oili itolewe kwanza, plagi au nozeli zifunguliwe, ndipo injini izungushwe.

Rangi nyingine tutazipitia upesi, kwa kuwa hazina ubishi mwingi.

Oili nyeusi huwatisha watu bure. Katika injini ya dizeli, oili mpya huweza kuwa nyeusi baada ya kilomita chache tu, kwani masizi ya dizeli huingia ndani yake. Zamani, kabla ya dawa za kusafisha kuenea katika oili za magari, yapata katikati ya karne ya 20, uchafu uliganda katika sampu na oili ikabaki na rangi nzuri juu ya matope. Leo dawa hizo huushika uchafu ndani ya oili ili utoke siku ya kubadilisha. Kwa hiyo weusi mara nyingi ni dalili kwamba oili inafanya kazi yake. Kibaya ni oili iliyo nzito kama lami, inayoshikamana chini ya kifuniko katika mabonge. Hiyo imekaa mno, na mwenye gari hilo asitafute kosa kwa fundi.

Oili nyembamba kama maji, yenye harufu ya petroli, nayo imepanda juu ya alama, huwafurahisha wajinga. Wapo wasemao, "Gari langu halili oili, tena huongeza." Oili haizai. Kilichoongezeka ni petroli au dizeli: katika magari ya zamani yenye kabureta, mara nyingi ni ngozi ya pampu ya petroli iliyotoboka; katika magari mapya, nozeli inayovuja, au dizeli yenye chujio la masizi ambalo hujaribu kujisafisha katika safari fupi na halimalizi. Tia tone juu ya karatasi ya kukaushia wino, ofisi isiyokuwa nayo itumie karatasi ya kupangusia mikono, uiache kwa saa kadhaa. Petroli au dizeli hukimbia mbali na kufanya duara pana lililofifia kuizunguka oili. Dizeli iliyozidi ni hatari ya namna yake: injini huweza kuanza kunywa oili hiyo na kuzunguka kwa kasi isiyozimwa kwa ufunguo.

Povu jeupe la vipovu vya hewa kijitini, bila maziwa, mara nyingi maana yake oili imejazwa kupita kiasi na kranki inaipiga. Punguza hata alama.

Na oili ing'aayo kama imetiwa vumbi la fedha au dhahabu ni habari mbaya. Mng'ao mwekundu-dhahabu hutoka katika shaba ya beringi, tena tabaka lile la shaba liko chini ya tabaka la juu, hivyo likionekana, la juu limekwisha kwenda. Pitisha sumaku ndani ya oili iliyotolewa: chembe zishikazo sumaku ni za chuma, zisizoshika ni za alumini au shaba. Kata chujio la oili ufungue mikunjo yake, kwani hapo ndipo ushahidi ulipokusanyika. Mwaka 1946 kampuni ya reli ya Denver and Rio Grande Western katika Marekani ilianza kuchunguza oili ya injini zake za dizeli namna hiyo, kwa vyombo vya maabara, ili kujua kwa madini yaliyomo ni sehemu gani inayolika kabla haijavunjika njiani. Kazi hiyo sasa hufanywa duniani kote kwa malori, meli na ndege. Mwenye gari moja hana haja ya maabara. Sumaku yatosha kumwambia asiende safari ya mbali.

Ikiwa maji yalikuwamo kweli, na yametengenezwa, kazi haijaisha. Maji yaliyobaki katika mifereji ya injini yatachafua oili mpya. Tia oili ya bei nafuu yenye unene ufaao pamoja na chujio jipya, endesha polepole hata injini ipate moto, itoe ingali moto, kisha tia oili nzuri na chujio jingine. Na baada ya kilomita mia chache tazama kijiti tena. Mafuta ya taa yasitumiwe kuosha injini, ingawa wako mafundi wanaoyapenda. Huacha mabaki yasiyotoka, yakaipunguza oili nguvu wakati ule ule beringi zinapoihitaji zaidi. Oili chafu isimwagwe katika mfereji wala kando ya kisima; itiwe katika debe na kupelekwa gereji inayoikusanya.

Kwa wale wanunuao gari lililotumika: fika asubuhi bila kutoa habari mapema, uguse injini kwa mkono. Ikiwa imekwisha pata moto kabla hujafika, uliza sababu. Fungua kifuniko, tazama upande wa ndani, uingize kidole kilichofungwa kitambaa mpaka chini ya mdomo, maana kifuniko huweza kufutwa au hata kununuliwa kipya, bali huko ndani hapafikiki kwa urahisi. Oili mpya kabisa, safi kama asali, katika gari kuukuu lililojaa vumbi, yapasa ikutie shaka kuliko oili nyeusi. Tazama na maji ya rejeta. Muuzaji aliyebadilisha oili jana mara nyingi amesahau rejeta.

Juma lijalo tutaeleza habari za kifuniko cha rejeta na namna ya kujua kama presha yake ingali nzima, kwa kuwa wengi wananunua vifuniko kwa kutazama ukubwa tu bila kusoma tarakimu iliyopigwa juu yake. Wenye maswali watuandikie, wakitaja mwaka wa gari, kama ni la petroli au dizeli, na urefu wa safari zake za kila siku.